Jani Linalotaka Baridi

Usijifanye hukusikia. Ulisikia. Ukuta kati ya nyumba yako na nyumba ya Mwantumu ni tofali moja tu, na kikohozi hupenya humo kama maji kwenye kanga. Mlango wake ulipopigwa teke, wewe ulifanya nini? Ulichochea mkaa. Kaka yake aliposema, "Jamani, niacheni basi nivae viatu," ukakohoa kwa nguvu ili usisikie alijibiwa nini. Na asubuhi ilipokuja, maana katika mji huu asubuhi huja inapotaka, pengine mara mbili kabla ya chai, ulipita mbele ya mlango ule umeinamisha shingo, unavitazama vidole vya miguu yako kana kwamba umeviazima. Mimi sisahau. Wenzangu walijaliwa mali, wengine sauti nzuri, mimi nilijaliwa hiki kichwa kisichofuta kitu, na nimekibeba hadi kizingitini pako. Acha kutazama hilo jiko. Nitazame mimi. Nakusimulia habari za jirani yako.

Mji wenyewe unaujua. Haukuwa na jina. Lilichukuliwa kwenda kutengenezwa, likapotelea huko huko kwa fundi. Nyumba zake zimeng'ang'aniana kwenye mteremko, bega kwa bega, kama watu wanaoogopa kupigwa picha mmoja mmoja. Kileleni ipo Nyumba ya Juu, ambayo hakuna aliyepata kuiona yote kwa mara moja: leo ukungu unakuonyesha roshani, kesho bomba la moshi, na siku nyingine unakuonyesha dirisha lenye mtu anayekutazama, lakini huna hakika kama ni mtu au ni pazia.

Kabla ya Nyumba ya Juu, watu wa hapa walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, alipandiwa shahidi. Shahidi ni mmea mdogo tu, wa kukaa katika chungu kinachoenea kiganjani, wenye maua ya urujuani na majani manene yenye manyoya laini kama sikio la paka. Na majani hayo yana mabaka meupe. Mengine yamepakwa weupe ukingoni kama sahani, mengine yamerushiwa matone kama mtu aliyekung'uta brashi ya chokaa, na hapakuwa na mashahidi wawili wenye mabaka ya namna moja. Mtu akifa, shahidi wake alizikwa naye. Mtu akipotea, shahidi alimngoja. Na shahidi akivunjwa, ndugu alibaki na haki moja ya mwisho, haki ambayo hata Nyumba ya Juu iliikuta na ikashindwa kuifuta: kuokota jani, kulipanda, kulingoja lizae. Kitoto cha jani kikitoka na mabaka yale yale, basi mtu yule yupo, na aliyemchukua lazima atamke mbele ya watu amemweka wapi. Kikitoka kijani kitupu, basi mtu yule hakuwapo. Jina lake linatoka vinywani.

Usidhani nasema kwa mafumbo. Linatoka kweli. Mtu anaanza sentensi vizuri tu, akifika penye jina ulimi unaruka, kama mguu unavyokiruka kidato kibovu cha ngazi, kisha anaendelea na maneno yake. Hata hashtuki. Umeruka majina mangapi wewe tangu uamke leo?

Kaka yake Mwantumu aliitwa Mdoe. Alikuwa mpaka chokaa, mrefu, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Siku ya mkutano wa mtaa alinyoosha mkono, mkono bado una chokaa, akauliza swali moja: chemchemi ilikuwa inashuka hadi kwetu, je, sasa inaishia wapi? Basi. Hakutukana. Hakurusha jiwe. Watu wakatazama juu, kwenye bustani za Nyumba ya Juu zilizokuwa zikimetameta kwa maji, halafu wakatazama chini. Watu wa Nyumba ya Juu wakamchukua siku hiyo hiyo, na mmoja wao, akiwa anatoka, alikipiga kisigino chungu cha Mdoe kilichokuwa juu ya jiwe la mlangoni. Alikisaga polepole, kama mtu anayezima kipande cha sigara.

Walipoondoka Mwantumu alipiga magoti akakuta jani moja limenata chini ya kizingiti, limechanika ncha, kikonyo chake bado kizima.

Alilifanyia kama mama yake alivyokuwa akifanya. Alikata kikonyo kwa wembe mpya, kwa mshazari, ili kidonda kiwe kipana na mizizi ipate pa kutokea. Akachanganya mboji na mchanga wa korongoni, akatoboa kishimo kwa kijiti, akalisimamisha jani limeegemea nyuma kidogo kama mtu anayepumzika. Maji hakuyamwaga juu, maana tone likikaa kwenye manyoya yale jani huoza. Aliyatia kisahanini, udongo ukayanywa wenyewe kutoka chini. Kisha akalifunika kwa bilauri. Jani likawa ndani ya bilauri na pumzi yake mwenyewe, na Mwantumu akawa nje na ya kwake, na kioo kikapata ukungu pande zote mbili.

Hapo ndipo Mkaguzi wa Nyumba ya Juu alipokuja.

Kila mtu humwona Mkaguzi kwa sura tofauti. Mwantumu alimwona kwa sura ya mwalimu wake wa darasa la kwanza, yule aliyekuwa akitabasamu kabla ya kuchapa. Nyuma yake wachukuzi walishusha gunia.

"Shikamoo," alisema Mwantumu, kwa mazoea ya hofu, ingawa nyuma ya sura ile mtu mwenyewe hakuwa mkubwa kwake.

"Marahaba, binti. Pole sana. Nyumba ya Juu imeguswa. Huu ni mkaa wa pole."

"Mkaa?"

"Jani linahitaji joto, binti. Mtoto analelewa kwenye joto, au siyo? Hatutaki mtu aseme tulikunyima nafasi." Aliinama, akaichungulia bilauri kwa upole wa daktari. "Waliokutangulia wote tuliwapa. Kengele ya Nyumba ya Juu ikilia nitakuja kutazama kilichozaliwa. Ukiishiwa, sema tu. Mkaa hauna mwisho."

Nawe ulikuwa mlangoni mwako, ukasema, "Kumbe wana utu!" Nilikusikia.

Mwantumu naye aliamini. Angeachaje kuamini? Watu wa mteremko ule hupenda kwa joto. Mgeni akija anasogezwa jikoni, mzazi anakandwa kwa maji ya moto, maiti yenyewe inaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu isije ikashtuka. Aliliweka jani karibu na jiko, akawasha, akachochea, akalala ubavu mmoja umemkumbatia yule mfungwa wa bilauri. Na akaanza kuzungumza nalo, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Shoga zake waligundua ghafla kwamba njia ya kisimani ni fupi zaidi upande wa pili. Mama mkwe wake wa zamani alimtumia salamu kwa mtu, na yule mtu akazisahau. Salamu zilipungua mtaani kama nywele za mgonjwa, hata akabaki na sauti ya kisahani kinapokwaruza sakafu, na sauti ya mkaa unapojipasua.

Alikuwa akiliambia jani: Unakunywa? Kunywa. Taratibu. Kaka, leo nimepika ugali nikatenga sahani mbili. Nimekula yangu. Nimekula na yako. Usicheke. Ulikuwa unaanza kucheka kabla ya... Unakumbuka ulivyopaka chokaa ukuta wa msikiti ukajisahau umeegemea? Shati lile bado lipo. Nimelivaa. Sijui ni mimi niliyelivaa au ni wewe uliyenivaa mimi, maana jana nilijitazama kwenye maji nikaona mikono ya mama.

Siku zilikuwa zinapita, au zilikuwa zimesimama na yeye ndiye aliyepita. Katika mji ule jani ndilo lililokuwa saa. Akitazama jani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole vyeusi vya mkaa. Akigeuka kutazama mlango alikuwa msichana anayemngoja kaka yake arudi na ndoo. Akirudi kwenye jani alikuwa kikongwe aliyesahau anangoja nini ila kungoja kwenyewe. Na swali moja lilimtafuna: mtu yupo kwa sababu gani? Je, yupo kwa kuwa ana mwili? Mwili wa Mdoe haukuwapo. Kwa kuwa anaitwa? Hakuna aliyekuwa akimwita. Kwa kuwa Nyumba ya Juu inakubali kwamba yupo? Basi sote tuko kwa hisani, kama wapangaji, na mwenye nyumba anaweza kubadili kitasa tukiwa sokoni. Au mtu yupo kwa sababu pahali fulani yumo mwingine mmoja, mmoja tu, anayekataa kugeuza shingo? Kama ni hivyo, alifikiri Mwantumu, basi kaka yangu amebakia na uzi mmoja, na uzi wenyewe ni mimi, na mimi nimechoka.

Vitoto vikachipua. Vilitoka udongoni kwenye mguu wa jani mama, vimebanana, vidogo kama masikio ya panya. Mwantumu aliondoa bilauri. Akasogeza taa.

Kijani. Kimoja kijani, cha pili kijani, cha pembeni kijani. Kijani safi, chenye afya, kilichonona, kijani cha bustani za Nyumba ya Juu. Hapakuwa na doa hata la kukosea.

Alifungua kinywa amwite kaka yake, kama mtu anavyoita akianguka. Ulimi ukaruka. Ilitoka pumzi tu.

Nakuomba ukae kidogo na jambo hilo. Mwanamke amekaa peke yake chumbani, amevaa shati la nduguye, kinywa wazi, na jina halimo. Alilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye nguo aliyokwisha kuivua. Alikumbuka kicheko, akakumbuka viatu vilivyobaki chini ya kitanda, akakumbuka harufu ya chokaa mbichi. Akikaribia jina, palikuwa na kidato kibovu, na mguu unaruka.

Basi akarudi nyuma zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kukumbuka, si kukaa na kulia. Ni kurudi nyuma ya pale walipofuta. Alirudi hadi wakati kaka yake alikuwa mtoto mkaidi asiyetaka kulala jikoni na wenzake. Alikuwa analala penye ufa wa ukuta unaoingiza upepo wa korongoni, na chungu chake alikiweka nje, juu ya jiwe la mlangoni, kwenye umande. Mama alikuwa akifoka kila alfajiri: "Mdoe! Ingiza huyo shahidi ndani, atakufa kwa baridi, wewe mtoto una kichwa cha nyumbu!" Na shahidi hakuwahi kufa. Shahidi yule, katika mtaa mzima, ndiye aliyekuwa na mabaka meupe kuliko wote, kana kwamba amemwagiwa maziwa. Na wale wa wenzake, waliolala jikoni? Walififia. Kila mwaka walififia kidogo, wakawa kijani, na watu wakasema wamekua.

"Mdoe," alisema Mwantumu.

Jina lilitoka, limekwaruza koo kama mwiba wa samaki.

"Mdoe. Mdoe. Ni joto. Ni huu mkaa wao. Weupe wako unataka baridi!"

Umeelewa sasa hisani ile ilikuwa nini? Hawakufuta desturi. Kwa nini waifute, watu wakakasirika? Walileta magunia. Walitufanya tumfute mtu wetu kwa mikono yetu wenyewe, kwa mapenzi yetu wenyewe, huku tunatokwa jasho na kushukuru.

Mwantumu alilibeba jiko likiwa linawaka akalimwaga barabarani. Alijua jani lililokwisha kukunjuka halibadiliki tena. Lakini katikati ya kitoto kimoja palikuwa na jipya, limejikunja bado, dogo kuliko punje ya mpunga. Hilo ndilo lingesema. Akafungua mlango ili upepo uingie. Haukupoa. Akaweka kiganja ukutani, upande wa kushoto: moto. Upande wa kulia: moto. Nyumba yake ilikuwa imebanwa katikati, na pande zote mbili majirani walikuwa wakichochea mkaa wa pole. Hata mlangoni, barabara nzima ilikuwa inafuka. Alitoka nje akazunguka na chungu kifuani akitafuta baridi, mtaa hadi mtaa, kama mtu anayetafuta moto wa kuazima. Hakuipata. Kila nyumba ilikuwa na gunia. Ndipo alipojua ni watu wangapi walikuwa wamechukuliwa.

Akarudi, akabisha hodi kushoto.

Anayekaa kushoto ni yule mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita "Mama," kisha wanasita, kisha wanaendelea. Dirisha lake la nyuma linatazama korongo. Ameliziba kwa magunia matupu.

"Hodi humu."

"Karibu, ila usikae sana, Mwantumu. Unajua watu."

Chumba kilikuwa tanuri. Kando ya jiko palikuwa na chungu, na ndani yake mmea wa kijani kitupu, umestawi hadi unamwagika. Yule mwanamke alikuwa anaupangusa vumbi jani kwa jani, kwa brashi ya kunyolea.

"Unaonaje ulivyonawiri," alisema. "Wa kwako je?"

"Wa kwangu umetoka kama huo."

"Basi alhamdulillahi. Utapumzika. Mwanzoni inauma, halafu unakuta kumbe hakukuwa na mtu, ulikuwa umeota tu."

"Brashi hiyo ni ya nani?"

Mkono ulisimama. "Brashi gani?"

"Hiyo ya kunyolea. Wewe una ndevu?"

"Mwantumu, usiniletee uchokozi nyumbani kwangu!"

"Nakuuliza tu, mama yangu. Ni ya nani?"

"Nimeikuta. Vitu vinakuwapo tu."

Mwantumu alirudi nyuma tena, nyuma ya pale walipofuta, kisha akapiga magoti mbele yake kama binti anayesalimia, akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo, Mama Singano."

Yule mwanamke alijirusha nyuma kama aliyeunguzwa. Brashi ilianguka. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, na midomo yake ikawa inachezacheza kama ya mtoto anayefundishwa kusoma.

"Usi... Nani amekwambia? Mimi sina... Mimi ni Mama tu."

"Hakuna Mama tu. Mtu huwa mama wa mtu. Alikuwa akinyoa kwenye kioo cha dirisha hilo, anaimba vibaya, na kaka yangu anamjibu kupitia ukutani, 'Singano, utavunja vyombo!' Nawe unawatukana wote wawili. Ulinitukana na mimi, na mimi sikuwa nimeimba."

Kisha yule mwanamke akasema, polepole, kwa sauti iliyokuwa na kutu:

"Alikuwa anaimba kama mbuzi anayechinjwa."

"Ndiyo."

"Singano."

"Ndiyo, Mama Singano."

"Mwanangu Singano!" Na ndipo alipolia, mlio ambao mtaa mzima uliusikia, na mtaa mzima ukachochea mkaa. Alikitazama chungu chake. "Nimemchemsha, Mwantumu. Nimemchemsha mwanangu kwa mikono yangu."

"Jani jipya likitoka kwenye baridi, litasema. Bado lipo katikati. Tazama."

Mama Singano hakutazama. Alinyanyua ndoo ya maji ya kunywa, yale machache tuliyoachiwa, akayamwaga yote jikoni. Moshi ulipanda kwa kishindo. Kisha akayang'oa magunia dirishani kwa kucha, na upepo wa korongoni ukaingia kama ndugu aliyekuwa amefungiwa nje, ukapekua kila kona ukimtafuta mtu.

Mwantumu aliomba wakiweke chungu chake pale dirishani, pamoja na kile kingine. Lakini sheria ya desturi ni kali, nayo Mkaguzi anaipenda sana inapomfaa: shahidi lazima akutwe katika nyumba alimozaliwa mtu wake. Akarudi kwake. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa kushoto. Ulikuwa unapoa. Alikisogeza chungu kikagusana na tofali, akakaa chini kando yake, mabega yamejikunja ndani ya shati la chokaa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akasikia baridi, akaifurahia kama wengine wanavyofurahia pilau.

Na punje ile ya katikati ikaanza kukunjuka. Upande wake unaotazama kushoto, ukingoni kabisa, palipita kitu cheupe, chembamba, kama uzi.

Upande wa pili bado ni kijani. Upande wa pili unatazama ukuta wa kulia. Ukuta wa kulia unawaka.

Kengele inalia sasa hivi. Unaisikia, usiniambie huisikii. Mkaguzi ameanza kushuka ngazi za Nyumba ya Juu, hana haraka, amevaa sura uliyokuwa ukiiogopa utotoni. Mwantumu amekaa sakafuni, amekumbatia magoti, hakuiti, maana alikwisha kukuita siku nyingi na ulikohoa. Ameweka kiganja tu kwenye ukuta wake wa kulia na anangoja.

Upande wa pili wa kiganja kile ni wewe. Nimesimama mlangoni mwako, nami sina cha kuongeza. Ndoo hiyo hapo, miguuni pako. Inuka. Mwaga.